Kila Mtu Atetee la Mwenzake

Lubumbashi, 2 Machi 1993

Yaya Badibanga,

Salamu nyingi, mkubwa wangu! U mzima? Wazazi wako, Tata na Mama Fidélie, wanaendeleaje huko Kolwezi? Mimi nina afya, ila usingizi umenikimbia kwa furaha. Tumechukuliwa, Yaya! Tumo kwenye kozi ya heshima: wewe wa udaktari, mimi wa mawe, meza moja, swali moja. Kwa nini maji ya visima vya mtaa wenu wa Musonoi yanaumiza matumbo?

Profesa Mbayo ana kanuni yake. Siku ya utetezi mbele ya walimu, kila mtu atetee sehemu ya mwenzake. Mimi nijibu juu ya kuhara, wewe juu ya mawe! Asiyefika, mwenzake hana wa kumtetea, na ni huyo mwenzake anayepoteza nafasi kwenye kozi. Kwa hiyo anza kusoma: maji hufuata jiwe. Mchanga huyapitisha, mfinyanzi huyazuia. Penye mchanga juu na mfinyanzi chini, chimba hapo, lakini upande wa juu wa vyoo.

Ukishawasalimu wazazi, utuchotee chupa za maji ya Musonoi, kisha urudi mbio.

Mudogo wako,
Kabemba

Kolwezi, stesheni, 5 Aprili 1993

Mudogo wangu Kabemba,

Pokea salamu zetu. Tuko wazima, Mungu asifiwe, ingawa hatuko nyumbani tena. Vijana wenzako wa Katanga walikuja mtaani wakisema sisi Wakasai turudi kwetu Kasai. Kwetu wapi? Mimi nimezaliwa Musonoi! Tata ametumikia mgodi mpaka mgodi wenyewe ukaanguka. Sasa tunalala stesheni, maelfu ya watu, tukingoja treni. Nina hasira, nakwambia wazi.

Lakini chupa zetu ninazo! Niliziokoa kabla ya magodoro, na Mama bado amenuna. Na somo limenifuata hapa hapa. Watoto wanahara, nami nimewafundisha akina mama kuchemsha maji, watie sukari na chumvi kidogo, wamnyweshe mtoto polepole. Kabemba, watoto wanafumbua macho! Shika hilo, ndilo watakalokuuliza. Chupa nampa Djafari, dereva wa lori.

Treni ikija kabla ya utetezi nitapanda, siwezi kuwaacha wazazi. Tafuta mwenzako mwingine.

Yaya wako,
Badibanga

Lubumbashi, 10 Mei 1993

Yaya,

Hamjambo wote? Tata anakula vizuri? Djafari ameleta chupa, na anasema treni yenu imeondoka, basi barua hii nampa mtu wa reli, ikukute popote.

Eti mwenzangu mwingine! Profesa aliniruhusu, nikakataa. Jana nilisimama peke yangu, nikajibu juu ya sukari na chumvi mpaka daktari mmoja akanipigia makofi. Umepata alama ya juu, Yaya, ya juu kabisa! Mawe yangu yalikosa mtetezi: sifuri, na nafasi yangu imekwenda. Usinihurumie. Nimecheka njia nzima mpaka nyumbani.

Mudogo wako,
Kabemba

Mwene-Ditu, 20 Agosti 1993

Mudogo wangu,

Habari za siku nyingi? Mama anakusalimu. Tata alitutoka njiani, tukamzika Kamina, karibu na reli. Nililia sana, na bado nalia.

Barua yako imefika leo. Sifuri, nani kasema? Mimi nilikwisha kukutetea!

Hapa kambini, Kasai, watu walikuwa wanakunywa maji ya bondeni, chini ya vyoo. Nikasema tuchimbe kisima juu, penye mchanga na mfinyanzi. Mama Laurentine, aliyekuwa akiuza mikate Kolwezi, akanibana mbele ya wote: "Weye ni munganga, mambo ya majiwe ulijulia wapi?" Basi nikasema nimefundishwa na mwenzangu wa Katanga, nikatetea sehemu yako, Kabemba, juani, neno kwa neno, mpaka wanaume wakashika majembe. Walichimba wakinung'unika, kisha udongo ukaanza kulowa. Tulipiga kelele kama watoto!

Maji yalipotulia tukayachemsha, na Mama Laurentine akaonja wa kwanza. Akafuta mdomo.

"Umuandikie uyo mutoto wa Katanga," akasema. "Mayi yake iko tamu."

Yaya wako,
Badibanga