Sabina Nkwabi, Mama Mkwe Aliyeogopwa na Nchi Nzima

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipotutoka ukiwa kitandani kwako Igogo, dirisha la upande wa ziwa likiwa wazi kama ulivyotaka. Kupunguza sahani mezani tumekwisha kuzoea. Kuzoea kwamba haupo, hapo bado.

Watoto wako Elias na Hellen wamesema niandike mimi, mkweo Bernadetta, kwa niaba ya wote. Sababu unaijua. Hadi leo nikipita sokoni, au nikikaa saluni, mtu akishajua kuwa mimi ni mke wa Elias ananisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama yule mama alikuwa hivyohivyo nyumbani. Wapo wanaonipa pole, na siyo pole ya msiba, ni pole ya miaka niliyokaa na wewe. Inaniuma sana, Mama. Sitaki ukumbukwe kwa ubaya ambao haukuwa wako, na leo nayasema haya mbele za watu.

Ulianza na maigizo ya kwaya parokiani. Kila Krismasi ulikuwa Herode, kwa sababu wanaume wa kwaya waliona aibu kuwa wabaya mbele ya padri, na watoto wa katekisimu wakawa wanakukimbia hadi Pasaka. Kisha likaja Jumba la Kapripointi, tamthilia ya kila Alhamisi, na wewe ukawa Bi Mwasi, mama mkwe anayemtesa Selina, mke wa mwanawe. Ulimfungia nje mvua ikinyesha. Ulimwaga mboga yake jalalani wageni wakitazama. Nchi nzima ilikuchukia, na wewe ukirudi nyumbani ulikuwa unavua kilemba cha Bi Mwasi na kuuliza nani hajala.

Tuzo zikaanza kuja. Mwigizaji bora wa kike, mwigizaji bora wa nafasi ya ubaya, halafu tena ya ubaya mwaka uliofuata, ngao ya mkoa, vyeti vya waigizaji wenzako. Mwingine angetengenezesha kabati la vioo. Wewe ile ya kwanza, nzito ya shaba, uliizuilia mlango wa jikoni usipigwe na upepo wa ziwani, na ngao ya mbao ukafunikia mtungi wa maji. Baba, yaani mume wako Paulo, alikasirika kweli. Akaziokota zote akazipanga juu ya redio, na kesho yake zikawa zimerudi kazini.

Haikuwa dharau, Mama, tunajua. Ulikuwa unasema kwamba tuzo yako ya kweli ulipewa kwenye soko la samaki la Mwaloni, siku muuza sato alipofunika beseni lake na kukuambia kwamba kwake hupati hata magamba. Siku nyingine, stendi ya Nyamagana, kijana wa bodaboda alikataa kukupakia mpaka umwombe Selina msamaha. Ukasimama juani ukamwomba msamaha mtu ambaye hayupo, tena kwa machozi, ndipo akawasha pikipiki. Ulitusimulia hayo huku umeshika mbavu kwa kucheka.

Kilichokuondolea kicheko ni posa yangu.

Mimi ni mtoto wa mzee Gosbert wa Kamachumu, na kwetu Uhayani binti haondoki nyumbani shangazi yake akiwa amenuna. Shangazi Rachel ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Na Shangazi Rachel alikuwa hakosi Jumba la Kapripointi hata akiwa na homa. Washenga wa Elias walipofika wakakaribishwa vizuri, wakapewa viti, kahawa ikaja. Mambo yalikwenda sawa mpaka walipoulizwa ukoo wa kijana upande wa mama, na jina lako likatajwa. Shangazi akaweka kikombe chini. Akasema mtoto wake haendi kwa yule mwanamke, posa irudi ilikotoka.

Washenga walijieleza mpaka jasho likawatoka. Walisema ni maigizo, ni kazi kama kazi nyingine, mama mwenyewe ni mtu wa jumuiya na hana neno na mtu. Shangazi akajibu kwamba mtu hawezi kuyatoa macho yale kama hayamo ndani yake. Baba yangu alijaribu kuingilia, akatazamwa tu, akanyamaza. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikilia kwenye khanga.

Elias aliporudi na habari hizo hukukasirika. Uliniambia baadaye kwamba uliumia kwa namna ya ajabu, kwa sababu Shangazi alikuwa amekusifia kazi yako kuliko jaji yeyote, na sifa yenyewe ndiyo iliyokuwa inamnyima mwanao mke. Wiki ileile ulikuwa unasubiriwa Dar kupokea tuzo ya heshima, ile ya mtu aliyetumikia sanaa kwa muda mrefu. Gauni lilikwisha kushonwa, tiketi ilikwisha kuja. Ukawapigia simu ukawaambia una jambo la familia, wampe mwenzako akupokelee. Shemeji yako Kashindye alikuja juu. Alisema tangu lini mama wa kijana akaenda mwenyewe kuposa, watu wataona Elias hana ukoo. Ukamjibu kwa upole kwamba ukoo upo, lakini anayeogopwa ni wewe, sasa amtume nani.

Ukapanda meli, ukashukia Kemondo, ukafika kwetu Jumamosi mchana ukiwa na kikapu cha sato wakavu na bila mtu wa kukusemea. Ulimpa Shangazi shikamoo. Akaitikia marahaba akiwa amesimama mlangoni, na hakukupisha. Basi ukazunguka nyuma, ukawakuta wanawake wanamenya ndizi za jioni, ukaomba kisu ukakaa chini nao. Nani asiyejua kwamba Msukuma na ndizi ni watu wasiojuana? Ulikuwa unazikata kama kiazi, nusu ya ndizi inaondoka na ganda, utomvu umekushika mpaka kwenye viwiko. Wasichana walikuwa wanainamisha vichwa wasicheke. Shangazi alivumilia, akavumilia, mwisho uchungu wa ndizi zake ukamzidi. Akaja na mafuta, akakupaka mikono yeye mwenyewe huku anakugombeza, akakuonyesha pa kuanzia. Ukamwomba akuonyeshe tena. Mimi nilikuwa pembeni natazama, na sikumwona Bi Mwasi hata kwa mbali. Nilimwona mama mtu mzima anayeogopa kukataliwa.

Giza lilipoingia televisheni ikawashwa sebuleni, na zilikuwa ni zile sherehe za Dar. Likaitwa jina lako. Ukumbi wote ukasimama, akapanda mwenzako wa kazini akapokea na kusema mama amepata dharura. Wewe ulikuwa kwenye mkeka na beseni la ndizi mapajani. Shangazi akatazama televisheni, akakutazama wewe.

"Mama Elias, si wewe huyo anayeitwa?"

"Ni mimi, dada. Lakini hapo wananisifu kwa kutesa mtoto wa mtu. Mimi huku nimekuja kumwomba mtoto wa mtu, na sijui nifanye nini uniamini."

Shangazi akapunguza sauti ya televisheni. Kisha akamwambia Baba yangu wale washenga warudi wiki ijayo. Akakugeukia akakuambia kwamba kumenya bado hujui.

Ndivyo nilivyoolewa, Mama. Na wewe ndiye uliyenipokea mzigo mlangoni, ukanionyesha funguo zinapokaa, ukaniambia jikoni ni kwangu na wewe utakuwa mgeni unayependa kula. Nilipojifungua Precious ulihamia chumbani kwetu, ukamfukuza Elias akalale sebuleni, ukawa unanikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji huku unaimba nyimbo za kwaya ukikosea maneno. Ulikuwa na mambo yako. Uliweka chumvi nyingi, ulikuwa hukubali kushindwa karata, na simu ulikuwa unaishika mbali kama inaungua. Tulikasirikiana, ndiyo, nani hakasirikiani ndani ya nyumba? Lakini hukulala umeninunia.

Nami nikawa Selina wako wa mazoezi. Nilishika karatasi, wewe unanitukana, mimi nalia kama ilivyoandikwa. Jioni moja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Malimi, alivunja mlango wa uani na fimbo mkononi kuja kuniokoa. Alitukuta tunagawana maandazi. Tangu siku hiyo tukiwa mazoezini tulikuwa tunatundika khanga nyekundu dirishani, na majirani wakaelewa.

Kisha ukaugua. Hata hospitalini nesi mmoja alikuwa anakugusa kwa woga, na ulikuwa unamtania kwamba leo Bi Mwasi hana nguvu za kuuma. Ila usiku ule wa mwisho wa mwezi, tulipokurudisha nyumbani, uliniuliza kama watu watakuja kukuzika kwa upendo au watakuja kuhakikisha kwamba umekufa. Ulisema kama mzaha. Nilijua siyo mzaha.

Walikuja, Mama. Walijaa mpaka barabarani. Na ni kweli, wako waliosimama mbali, na wako waliokuja na simu kupiga picha sura ya Bi Mwasi kwa mara ya mwisho. Waandishi walikuwepo, mshereheshaji akasoma tuzo zako zote moja baada ya nyingine, na kila akitaja ile ya ubaya watu walicheka kidogo. Nilitamani akae chini. Ndipo Shangazi Rachel akainuka. Hakuwa kwenye ratiba, miguu yake yenyewe haimbebi sawasawa siku hizi. Akaomba kipaza sauti, akashikilia kiti, akasema:

"Mimi ndiye niliyemkataa huyu mama. Nilimwambia mtoto wangu haendi kwake, kwa sababu ya yale ya kwenye televisheni. Miaka kumi na minne nimemngoja Bernadetta arudi kwangu akilia. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona analia juu ya mama mkwe wake. Mtazameni anavyolia."

Watu wote wakanigeukia, Mama, na mimi sikuweza kujizuia.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi asubuhi parokiani Igogo, na baadaye tutakula pamoja nyumbani. Wote mnakaribishwa, pamoja na mliomwogopa.

Unakumbukwa na mume wako Paulo. Wanao Elias na Hellen. Shemeji yako Kashindye. Wajukuu Precious na Kija. Balozi mzee Malimi na majirani wote wa Igogo. Dada yako wa Kamachumu, Rachel, aliyesema jina lake lisikose. Na mimi mkweo, uliyeniomba kwa mikono yenye utomvu.

Leo tumekukumbuka, Mama, na kesho tutaamka tukikukumbuka.