Masazo ya Sinia Letu

Shamba la mpira, ng'ambo ya Kilifi
12 Juni 1912

Mpendwa Mjomba Abdalla,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na jamaa wote wa Mambrui. Goti la mama limepoa? Mimi ni mzima ila nimechoka, mgongo waniuma kwa kuinama kugema mpira tangu alfajiri.

Uliniuliza kama mdogo wangu Amin aje kufanya kazi huku. Ngoja kwanza nikueleze jambo lililotuzukia, kisha uamue.

Amekuja daktari wa kizungu, akatupandisha mmoja mmoja kwenye mizani ya magunia. Akatupima na kimo, akauliza umri na kazi ya kila mtu. Mimi sikupenda. Mtu hapimwi kama mbuzi ila yupo mnunuzi. Mnyapara wetu, Kahonzi, alitutafsiria kwamba mwili ni kama tanuri la chokaa, lisipotiwa kuni halichomi, na daktari anakadiria kuni zinazomtosha kila mtu kwa siku, mkata magogo zake na mpishi zake. Maneno mazuri. Lakini jioni nilimwona akinywa chai kwa bwana shamba, na bwana shamba ndiye atoaye posho yetu, kibaba na nusu cha unga kwa mtu kila siku.

Kisha akaja na kiti chake, akakaa kando ya sinia letu akitazama mikono yetu. Mjomba, wajua tulivyolelewa. Mgeni yuko mbele yako, hajala, nawe ufute sinia? Tulimkaribisha, akatikisa kichwa. Basi tukala kidogo, kila mtu akawahi kunawa, tukamwachia sima na kunde. Kesho yake vivyo hivyo. Masazo aliyachukua akayatia kwenye mizani ndogo, nasi tukidhani anakwenda kula faragha. Tukalala na njaa, roho kunjufu.

Ijumaa Kahonzi akaja anacheka. "Mmesaza wenyewe. Daktari asema kibaba na nusu ni kingi, kimoja chawatosha."

Mwambire, mkata magogo wa Kakuyuni tunayekula naye, akamwambia, "Mweleze tulikuwa twamwekea yeye."

"Mweleze mwenyewe. Mimi nimewekwa kutafsiri yake, si yenu."

Tangu hapo simwamini Kahonzi. Yeye naye ni mtu wa pwani, alijua fika kwa nini twasaza, akanyamaza.

Jana daktari alikaa nasi mara ya mwisho. Tulikuwa tumepatana kutobakisha hata punje. Tukala macho chini kwa haya, sinia likang'aa, ila likabaki tonge moja upande wa Mwambire. Nikamkanyaga mguu. Kumbe kashanawa.

"Siwezi, Bwanaheri," akaninong'oneza. "Mtu katukodolea macho muda wote huu, hata hajaonja."

Daktari akaliokota lile tonge, akaliweka mizanini.

Alichoandika sikijui. Amin asije kwanza. Ni mrefu, angali akikua, na alavyo wajua mwenyewe. Mwezi ukiandama nitaona kibaba nitakachopimiwa, nikuarifu.

Nisalimie mama, Nana na Shekha, na Amin mwambie asinune. Mola awazidishie riziki, awaepushe na jicho lenye kuhesabu matonge. Na akija kwenu mgeni mwenye mizani, mkaribisheni kwa adabu zote, lakini nyinyi muwe mmekwisha kula.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Bwanaheri