Zoezi la Saba na Maandishi ya Penseli

Alhamisi. Ukungu umefunika kijiji chetu cha Ntobeye tangu alfajiri.

Daktari alishaniambia moyo wangu umechoka, siku zangu ni chache. Binti yangu Adela, mwalimu wa kompyuta sekondari, akaniletea mazoezi ya usalama wa kompyuta ili nisishinde kitandani nikihesabu mabati. Kuna kompyuta ya mazoezi ndani ya kompyuta yangu: naivamia, naona udhaifu wake ulipo, kisha naurekebisha. Siku ya kwanza alinicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu mzima wa hesabu, Baba, neno la siri jina la ng'ombe!"

Leo nimefika zoezi la saba. Lilisema: usipite mlangoni, yaani ukurasa wa kuingilia, andika moja kwa moja anwani ya ukurasa wa ndani, kisha badilisha namba ya mwisho. Nikafanya. Rekodi ya mtu mwingine ikafunguka.

Nikaganda.

Maana mfumo wa vyeti vya ubatizo wa parokia yetu niliutengeneza mimi, baada ya kustaafu, ili vijana walio mbali wanaotaka kufunga ndoa wasisafiri hadi huku kufuata karatasi moja. Mlangoni niliweka neno la siri. Kurasa za ndani sikuziwekea chochote.

Nikajaribu kwenye mfumo huo wa parokia. Ukafunguka ukurasa wa mzee mmoja wa Mabawe, na pembeni: "Baba halisi si huyu."

Katika daftari kubwa la zamani, sisi tuliokuwa makarani wa parokia tuliandika mambo ya aina hiyo pembeni kwa penseli, ili yafutike siku ikibidi. Mimi niliyanakili yote kwenye kompyuta. Niliona kuacha hata nukta ni uzembe. Siri za majirani zangu zikawa wazi kwa yeyote anayejua kuhesabu.

Kisha nikaandika namba ninayoikumbuka kuliko zote. Ya Adela. Pembeni, maneno yangu mwenyewe: "Aliachwa Kabanga wakati wa wakimbizi. Mama Mrundi. Hakurudi."

Hatukuwahi kumwambia.

Aliingia na uji, akatazama kioo cha kompyuta. Hakushtuka. Niliyeshtuka ni mimi.

"Umefika la saba," alisema.

"Hili ulilipata wapi?"

"Mengine niliyapakua. Hilo nimelitunga mwenyewe, Baba. Mwaka jana nilikuwa natafuta cheti changu."

Mwaka mzima ameniogesha na kuninyoa ndevu, akijua.

Nikafungua mdomo. Akaweka uji mezani. "Ziba kwanza. Wamo wengi humo. Mimi nitasubiri."

Nimeziba. Nimemaliza saa nane mchana. Sasa kila ukurasa unauliza wewe ni nani kabla ya kufunguka, na maandishi ya pembeni nimeyafuta yote. Nimejivamia mwenyewe mara kumi, nimegonga mwamba.

Lakini alichokisoma si kweli.

Mama yake alirudi.

Vilikuwa vimepita viangazi viwili tangu amwache. Alifika uani kwetu kwa miguu, vumbi hadi magotini. Marehemu mke wangu akatoka na mtoto kwa mlango wa nyuma, akamkimbiza kwa dada yake Biharamulo. Mimi nikamwambia yule mwanamke kuwa mtoto alikufa kwa surua. Nikampeleka makaburini, nikamwonyesha kaburi la mtoto wa jirani. Alilala kifudifudi juu ya udongo ule, akaliita jina ambalo sisi tulikuwa tumeshalibadilisha.

Jioni ile ile nilishika penseli, nikaandika "Hakurudi."

Ukweli wenyewe sikuuandika popote. Hakuna zoezi ambalo lingeufungua.

Nimeandika haya kwanza ili pumzi ikinikatika katikati ya maneno, asome mwenyewe. Hayatakwenda hadharani mpaka yeye akubali.

Kesho siwezi kumwahidi mtu. Namsikia anapepeta maharage uani.

Namwita sasa.