Mifupa Chini ya Majivu ya Tambora

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepata nafuu, na Mama ameacha kubeba maji mwenyewe. Mvua imefika Sindeni? Kaka aliniambia kwa simu mmepanda mahindi mara mbili na yote yamekauka. Huku mlimani mtandao unakatika kila dakika, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Mimi ni mzima. Siku ile uliyonisindikiza stendi ya Korogwe uliniuliza, "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo uende kuchimba majivu?" Nilicheka tu. Leo nakujibu.

Mlima huu wa Tambora, hapa Indonesia, ulilipuka zaidi ya miaka mia mbili iliyopita ukafukia vijiji vilivyokuwa chini yake. Tunachimba kwenye shamba la kahawa la mama mmoja mjane, Bi Rukaya. Tunapima kila tabaka la majivu, ili tujue mlima ulitapika nini kwanza na nini baadaye. Vumbi linakwaruza koo, na viganja vyangu vimekuwa vigumu kuliko vyako. Wenyeji ni Waislamu wenzetu, salamu ni ile ile, na hapo ugeni unapungua kidogo.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafagia majivu kwa brashi nikakuta boriti za nyumba zimegeuka mkaa, kisha chungu chenye mchele mweusi, punje bado zinaonekana moja moja. Kando ya chungu palikuwa na mifupa ya mkono. Niliweka brashi chini.

Profesa wetu alifurahi sana, akataka mifupa yote ifungwe ipelekwe maabara ng'ambo. Bi Rukaya akaja akasimama ukingoni mwa shimo. "Mchele chukueni," alisema, mkalimani akatutafsiria. "Lakini huyu ni mtu. Hatoki shambani kwangu."

Profesa akanigeukia. "Zuhura, wewe ni mwenzake wa dini. Zungumza naye akubali."

Baba, masomo yangu yako mikononi mwa mtu huyu. Hata hivyo nilimwambia, "Profesa, nikizungumza naye nitamwambia ana haki."

Akageuka akaenda zake. Siku mbili hakunisemesha, nami nikaanza kufua nguo zangu nikijua narudishwa nyumbani. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kwa Bi Rukaya, akavua kofia, akaomba aipime mifupa pale pale shambani kisha izikwe. Mama yule akakubali. Tulizika asubuhi, wanakijiji wakasoma dua. Alipofika mahali pa kumtaja marehemu, imamu akasita. Hakuna aliyejua jina.

Baadaye Bi Rukaya aliniambia wazee wao walisimulia kwamba njaa iliua watu wengi kuliko moto. Hata vitabu vyetu vinasema hivyo. Majivu yalifunika mashamba, waliopona wakala mizizi na majani makavu. Utando wa gesi uliotoka mlimani ukazunguka dunia na kupunguza nguvu ya jua, na mwaka uliofuata wakulima wa Ulaya, wasiowahi kusikia jina la Tambora, mazao yao yakaharibika kwa baridi. Ndiyo kazi niliyofuata huku, Baba: kujua mlima mmoja unavyoweza kumharibia msimu mkulima aliye mbali nao kabisa.

Nilipomsikiliza Bi Rukaya nilikuwaza wewe. Bibi, kabla hajafariki, alinidokeza kwamba ulipokuwa mdogo kulikuwa na mwaka mlioishi kwa mizizi ya porini, na mdogo wako wa kike hakuumaliza mwaka ule. Nilipokuuliza, ulichukua jembe ukatoka. Sikurudia tena.

Nisalimie Mama. Nisalimie kaka na mkewe huko Kang'ata, na shangazi wa Mashewa; mwambie kanga yake ndiyo ninayojitanda nikiswali.

Nina ombi moja. Ukinijibu, niandikie jina la shangazi yangu yule wa mwaka wa njaa. Jina tu, kama mengine ni mazito.

Mwanao anayekuombea,
Zuhura