Kezia Atasoma Wapi

Kambini, Ngara
4 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba wewe na mama mnaendelea vizuri. Sisi tu wazima wa mwili. Naandika badala ya kupiga simu kwa kuwa Kezia husikiliza kila ninenalo.

Tangu mkweo Frednand apelekwe kulinda amani ng'ambo ya mpaka, hii ni siku ya kumi na tisa hatujasikia sauti yake. Katika shule ya kambi hii ya jeshi, afisa na padri wakisimamisha gari mlangoni, darasa zima huacha kuandika na kusubiri ni nani ataitwa. Juma lililopita aliitwa Bukuru, anayekaa dawati moja na Kezia. Baba yake hatarudi. Tangu hapo mwanangu hali chakula. Naomba asome huko kwenu Runazi, ambako gari hilo halifiki.

Binti yako,
Yuster

Runazi, Biharamulo
13 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako mgongo unamsumbua, lakini maharage kayapalilia. Kezia amefika salama na mwalimu mkuu amempokea. Anasema shule yetu haina uzio ila haijapoteza mtoto. Tulia.

Babako,
Methusela

Runazi
27 Februari

Yuster mwanangu,

Habari za huko? Sisi tupo, ila sitakuficha. Jana gari la chanjo lilisimama shuleni. Kezia aliruka dirishani. Tulimkuta amejificha katika mihogo ya jirani Mayunga. Wenzake wanamcheka: "Mtoto wa mwanajeshi unakimbia sindano!"

Nilimweleza kuwa lile lilikuwa gari la surua tu. Akanijibu, "Babu, Bukuru alipoitwa tulilia wote. Hapa nikiitwa mimi, nitalia na nani?"



Babako,
Methusela

Kambini, Ngara
3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mahangaiko hayo. Nilidhani nikimtoa hapa nimemwokoa. Miaka mitatu ya chuo kikuu haikunionyesha aliloliona mtoto wa darasa la tatu.

Frednand hajapiga. Ofisini wanatuambia tusubiri, na siku hizi wanaposema hivyo hawanitazami usoni.

Nimeomba Kezia arudishwe darasani kwake, wamekubali. Mlete Jumamosi wewe mwenyewe, na uje na nguo za kutosha, Baba. Wake wengine wa wanajeshi hapa nimewazoea kwa salamu tu. Tukiitwa, nami sina wa kulia naye.

Binti yako,
Yuster