Majani Niliyokutumia

Dada Yu Lai,

Bibi hajambo, na nguruwe amezaa tisa. Haya mengine nimeshindwa kukuambia kwa simu.

Majibu ya maabara yenu yamefika, na mimi ndiye niliyemtafsiria Bibi kwa Kidai chetu: kloroplasti, zile chembe za kijani ndani ya majani, zinaonyesha kuwa ukoo wa tangawizi ya msitu wa mizimu anaoulinda Bibi ni uleule wa ile ya bustanini.

"Basi hakuna cha kulinda, tunafyeka tupande miti ya mpira," akasema mzee wa kijiji aliyekuwa akisikiliza. "Au Bibi utatufukuza kwa mwiko?"

Dada, yale majani niliyokutumia niliyachuma bustanini. Niliogopa mizimu. Leo nimeingia msituni. Ya kweli yamo humu kwenye bahasha. Yapimeni upesi, wafyekaji wanakuja mwisho wa mwezi. Bibi ananiuliza nimetoka wapi, nami nafunga bahasha hii kwanza.

Mdogo wako,
Yu Nan