Kokwa Saba Ndani ya Bahasha

Al Twar, Dubai
Jumatano, siku ya tisa baada ya Idi

Dada yangu Mahfudha,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute umekaa. Nakujua wewe, kila kitu hukisoma umesimama jikoni, mkono mmoja unageuza mahamri. Basi epua karai kwanza, ukae. Goti la Mama linaendeleaje? Na Mambrui kumenyesha, au mawingu yanapita tu kama wageni wasiotaka kula? Mimi huku ni mzima, kwa maana ya kula na kutembea. Joto limeshaingia. Paka wa mtaa huu huvuka barabara mbio, si kwa kuogopa magari, ni lami inawaunguza.

Umefungua bahasha ukakuta kokwa saba za tende. Usizitupe, nimeziweka mwenyewe. Bi Khairunisa, yule muuza mabuibui anayekuja Naif kuchukua bidhaa, aliipapasa bahasha akaniuliza ni dawa gani hiyo, asije akawekwa ndani uwanja wa ndege kwa ajili yangu. Nikamfungulia akaona. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyepigwa na jua, akasema, "Fawaz, hata tende zenyewe umezila?" Kisha akakubali kuipitia jioni, nikishaitia barua hii.

Najua simu ipo. Lakini kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa hupata mlango wa kutokea. Hapa hakuna mlango. Nisome mpaka chini.

Unajua kazi yangu ni kumhudumia mzee wa Kiayalandi, baba yake madam. Madam ni daktari. Mzee, ambaye mimi humwita Sir, alikuwa mwalimu huko kwao. Sasa miguu imegoma, ila ulimi bado uko kazini. Wazee wa rika lake hutazama mpira. Yeye hutazama bunge la kwao. Waziri Mkuu wao wanamwita Tishokh, na ilimchukua Sir siku mbili kunifundisha kulimaliza kwa ile kh ya Khairunisa. Kila Jumanne na Jumatano, baada ya alasiri yetu huku, huyo Tishokh husimama kuulizwa maswali na wakubwa wa upinzani. Muulizaji ana dakika tatu, mjibuji dakika tatu. Kisha muulizaji ana haki ya kurudi kwa dakika moja, naye ajibiwe kwa dakika moja, khalas. Spika ana kengele. Anayezidisha hugongewa kama tunavyogongewa sisi mlango wa choo asubuhi, tena bila huruma.

Mwanzo nilikuwa naleta chai na kuondoka. Kiingereza changu kilikuwa cha yes sir na tea sir. Kile cha bungeni nikakiokota punje moja moja kama kuku, mpaka siku moja nikajiona nimesimama na birika hadi chai imepoa. Sir akasema, "Keti, Fawaz, hiki kiti hakina kodi." Tangu hapo naketi.

Sir ana kanuni yake. Mezani huweka sahani ya tende na kisahani kitupu. Kila Tishokh anapoongea bila kujibu, Sir hula tende moja na kutua kokwa kisahanini, taratibu, kama karani anayepiga muhuri. Kuna Jumanne kokwa zilifika kumi na moja. Madam akarudi kutoka kazini akamgombeza kwa ajili ya sukari yake, naye akamwambia amlaumu Waziri Mkuu. Niseme haki, Sir hambagui mtu. Anasema hao wanaouliza leo wakikikalia kiti kile kesho, yeye ataanza kula tende zao.

Ukimsikiliza sana mtu wa namna ile unaujua ufundi wake. Akiulizwa alijua lini, hushukuru kwanza kwa swali. Husema suala ni zito, na wahusika wote wako moyoni mwake. Hutaja mambo mengine mema yaliyofanyika mwaka jana. Mwisho huahidi kulifuatilia kwa karibu, na kengele inalia. Dada, sitakuficha, nilihusudu. Mimi niliyeishia darasa la saba nilimwona huyu ndiye mwalimu niliyekosa.

Na mwanafunzi akishajua hutafuta wa kumwonyesha. Wangu alikuwa Hashir, mumeo, Mungu amrehemu. Kila Ijumaa alikuwa akipanda basi kutoka kambi yao ya wafanyakazi, Muhaisnah, tukaswali pamoja, kisha tukaingia kwenye mkahawa mmoja Naif, chai ya maziwa na sambusa. Alikuwa haagizi kitu kabla hajanikalisha kitini. "Mheshimiwa," angesema, "wananchi wa Muhaisnah wanauliza, vile viyoyozi vya chumba namba kumi na mbili vitatengenezwa lini?" Basi mimi nasimama, nafunga kifungo cha koti nisilokuwa nalo, namshukuru kwa swali. Wahindi, Waganda, Wapemba, wote wanageuka. Hata asiyejua Kiswahili alikuwa anacheka, maana huko kuzungukazunguka hakuhitaji mkalimani. Hashir alikuwa akicheka mpaka ashike meza. Nakwambia hili ujue kwamba alicheka sana huku. Hilo nakuapia.

Ijumaa ya kwanza ya Rajabu alikuja akiwa mzito. Akaniambia kifua chake tangu Jumatatu ni kama mtu amemkalia, hasa akipanda ngazi na ndoo. Msimamizi wao alimwambia ni baridi ya asubuhi. Kwenda kliniki ya kampuni hakutaka, kwa sababu viza yake ilikuwa inakaribia kufanywa upya, na aliwaona wenzake wawili walioandikwa wagonjwa wakarudishwa kwao. Akanisogelea akaniambia, "Shemeji, madam wako si daktari? Muombe aniangalie dakika tano tu. Akisema ni baridi, ni baridi."

Nikamwambia nimelisikia, nitalifuatilia.

Wiki ile nilimpelekea madam kahawa kila asubuhi. Neno lilikuwa ulimini, nikalimeza. Yeye ndiye kafeel wangu, mdhamini wangu huku, dada, na viza yangu nayo ilikuwa mezani kwake ikingoja sahihi. Nikawaza, nikileta jamaa mgonjwa mlangoni leo, kesho ataona Fawaz ana ukoo mzima nyuma yake. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe.

Ijumaa ya pili Hashir akauliza tena, nikamjibu kuwa madam ana kazi nyingi, ila suala lake liko mbele kabisa. Akanisogezea sahani ya sambusa.

Ijumaa ya tatu hakuuliza kama mtu anayeomba. Nadhani aliona haya, au alinionea haya mimi. Alingoja chai ifike, akagonga kijiko kwenye gilasi kama Spika, akasema kwa sauti, "Mheshimiwa, na lile suala la kifua cha mwananchi wetu limefikia wapi?" Mkahawa mzima ukageuka. Nami, Mahfudha, nikasimama. Nikafunga kifungo. Nikamshukuru kwa swali. Nikasema kifua cha mwananchi kiko moyoni mwangu, na serikali hii imefanya mengi kwa vifua kuliko serikali yoyote iliyopita. Nilikwenda dakika tatu kamili. Sijawahi kuchekesha vile. Watu walipiga meza. Hashir alicheka na mkono ameuweka kifuani, na mimi nilikiona kiganja chake kimetua wapi, nikaendelea.

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, akiwa kwenye foleni ya basi la kampuni, alikaa chini kama anayefunga kamba ya kiatu. Hakuinuka. Hayo mengine unayajua. Tulimzika huku huku, na kofia uliyomfumia ninayo mimi.

Siku ile ile ulinipigia ukaniuliza jambo moja, "Alikuwa anaumwa, na alikwambia?" Nikakujibu kwamba wamesema moyo umesimama ghafla. Arobaini ikafika, ukauliza tena, nikakujibu kwa aya. Aya ni ya kweli, lakini hukuwa umeniuliza aya. Mara ya tatu ulimtuma Mama, nikamwambia Mama asikuache ukikonda. Na Idi hii ya kuchinja, umeshatoka eda, ukaniuliza kwa sauti ndogo sana, nami nikashukuru kwamba umeuliza, nikasema ni msiba wetu sote. Nilishukuru kwa swali, dada. Nilijisikia nikilisema lile neno.

Jana ilikuwa Jumanne. Huko bungeni alisimama mama mmoja wa upinzani, mwembamba, hana karatasi. Suala lilikuwa paa la shule ya kijiji fulani linalovuja. Jambo la kuchosha, hata mimi nilitaka kwenda kufua nguo. Tishokh akaeleza idadi ya mapaa yaliyoezekwa nchi nzima. Ilipofika zamu ya yule mama kurudi, alikuwa na dakika yake nzima. Akasema hakuuliza mapaa. Aliuliza, "Ulijua?" Akaketi. Dakika iliyobaki akaiacha pale, hakuna anayeitumia, ukumbi mzima unaisikia ikipita. Kisha Tishokh akasimama, akamshukuru.

Sir hakula tende. Alisema, kama anayeongea na dirisha, kwamba anayejua na hana cha kuficha hujibu kwa neno moja. Anayetumia dakika tatu ana kitu amekikalia. Nilipeleka vyombo jikoni, nikasimama kwenye sinki mpaka maji yakafurika.

Leo asubuhi nilimweleza madam yote. Aliweka kikombe chini. Hakunifokea, na heri angenifokea. Aliuliza Hashir alikuwa na umri gani, nikamwambia thelathini na nne. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikafungua mdomo, nikaona zile dakika tatu zinakuja zenyewe, nikaufunga. Akasema angemwona hapo hapo jikoni, Ijumaa yoyote, na vifaa viko ndani ya gari lake. Akaonyesha kile kiti ninachokalia nikimenya vitunguu. Kisha akaenda kazini. Viza yangu aliitia sahihi tangu Shaabani, kama unataka kujua.

Basi ni hivi, Mahfudha. Uliniuliza kama Hashir alikuwa anaumwa, na kama aliniambia.

Ndiyo. Aliniambia, mara tatu.

Sijui kama madam angemwokoa. Daktari mwenyewe hakusema hivyo, na mimi sitasema, maana hilo nalo ni neno la kujikingia. Najua tu aliomba dakika tano, na mimi nilimpa tatu, za kuchekesha.

Kokwa nilizitoa kwenye kisahani cha Sir, kwa ruhusa yake. Tatu ni za Hashir. Nne ni zako. Zihesabu, na kama kuna mara nyingine uliniuliza nami nimeisahau, niambie nilete nyingine.

Mama mpe salamu zangu, lakini hizi habari umfikishie au usimfikishie, hilo liko mikononi mwako, sitakupangia. Wasalimie wote wa nyumbani wanaoniulizia, na asiyeniulizia mwache hivyo hivyo. Kofia ya Hashir nitaileta mwenyewe, siitii kwenye mkoba wa mtu.

Kule bungeni muulizaji hurudi mara moja tu, kisha kengele. Wewe huna kengele. Piga simu siku yoyote, uliza utakalo, na ukitaka kunyamaza baada ya swali, nyamaza. Sitaijaza ile dakika.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja,
Fawaz